Ndama wa Bibi Skolastika na Nusu Kopo la Chumvi

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, hata mke wangu hadi leo akiweka chumvi mezani hunitazama kwanza. Ni aibu yangu hasa, wala sina wa kumsingizia, na kama mngekuwa watu wa kwetu Mbuji nisingehangaika kuwasimulia, maana wao ndio walionibatiza jina la Baba Chumvi. Lakini acha niliseme mwenyewe leo, kwa sababu kule kilabuni mkasa huu umeshaongezwa mambo mengi ambayo ndama wa watu hakuyafanya.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa ndio walikuwa wameanza kupanda huku kwetu na magari yao, leo bei iko juu, kesho hawaonekani kabisa, na mtu uliyezoea kutegemea kahawa peke yake hujui ushike wapi. Parokia ikaleta ng'ombe wa maziwa. Utaratibu wake ulikuwa wa ajabu kwetu: hulipi hela, unalipa ng'ombe. Unajenga banda, unapanda majani ya kutosha, unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike basi yule jike wa kwanza si wako, ukishamwachisha maziwa unampitisha kwa anayekufuata kwenye orodha, na yeye vivyo hivyo. Ukileta ndama dhaifu, kamati inakunyang'anya na mama yake.

Ng'ombe wale walitubadilisha jamani. Wanaume tuliokuwa tunatembea mikono mfukoni tukaanza kubeba mizigo ya majani kichwani (kichwani, mbele ya wakwe!), na watu ambao hawakuwa wakisalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba wakaanza kuulizana habari za ndama, kwa kuwa ndama wa huyu ndiye ng'ombe wa yule.

Anayenifuata mimi alikuwa Bibi Skolastika, mjane aliyeolewa huku kwetu akitokea Mbamba Bay, ziwani, na alikuwa analea wajukuu watatu. Banda lake lilikamilika hata kabla ng'ombe wangu hajazaa. Kila Jumapili tukikutana kanisani namwamkia, "Shikamoo, bibi," naye, "Marahaba, mwanangu. Mtoto wangu hajambo?" Hapo ujue anaulizia ndama, wala hana habari na mimi.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kutaka kujua. Nilishawahi kufungua redio ya marehemu baba nione anayesema yuko wapi, na haikusema tena. Basi mwenye hoteli ya chai pale Mbinga mjini akaniambia angetaka maziwa zaidi kila asubuhi, na mimi nikamtazama ndama anavyomaliza ndoo yake nikajiuliza, hivi huyu akipewa maziwa nusu na uji wa mahindi nusu, itakuwaje? Hebu tuone. Bwana mifugo alishatufundisha kiasi cha maziwa ya ndama, tena kwa kurudia, lakini nikajiambia labda yeye mwenyewe hajawahi kujaribu.

Nikaona. Wiki mbili kabla ya siku ya makabidhiano ndama alikuwa na kichwa kikubwa, mbavu unazihesabu, manyoya yamesimama. Nikamrudishia maziwa yake yote haraka haraka, lakini ndama si puto ukipuliza anajaa. Usingizi ukaniruka. Nikawaza ng'ombe wangu akiswagwa kutoka bandani kwangu mchana kweupe, na majirani wamesimama mlangoni.

Hapo ndipo nilipopata akili, kama ile tuiite akili. Nilikuwa nimegundua kwamba ndama akilamba chumvi anakunywa maji mpaka tumbo linakuwa duara. Jumamosi jioni, kesho yake ndiyo makabidhiano, nikachukua kopo la chumvi jikoni. Mke wangu akaniuliza, "Wewe Baba Oswini, chumvi ya mboga unaipeleka wapi?" Nikamwambia, "Kaa utaona."

Usiku ule nikamlambisha kiasi, na Jumapili asubuhi nikamchanganyia nyingine kwenye pumba, akanywa ndoo mbili za maji, akajaa pande zote mbili, nikamsugua mafuta kidogo mgongoni akang'aa, nikafurahi mwenyewe. Nilichosahau ni kwamba kutoka kwangu hadi kanisani ni mlima, jua lilikuwa kali, na chumvi ilikuwa bado tumboni inafanya kazi yake.

Misa ilipoisha watu wote wakabaki uwanjani. Kwaya ikapanga mstari, Bibi Skolastika amevaa kitenge kipya na ameshika kamba mpya aliyoisuka mwenyewe. Paroko akasogea na stola yake shingoni, nyuma yake katekista amebeba ndoo ndogo ya maji ya baraka. Nilimwona ndama anainua masikio. Kumbukeni huyu tangu azaliwe kila kitu kizuri kilimjia ndani ya ndoo. Kabla paroko hajamaliza "Kwa jina la Baba", ndama akanivuta, nikaenda kwa magoti, akatumbukiza kichwa kwenye maji ya baraka akayanywa yote, na ndoo ikamng'ang'ania kichwani akawa anakimbia nayo katikati ya kwaya. Sauti ya nne ilitawanyika. Alipovuliwa ndoo, akaidaka stola ya paroko akaanza kuinyonya.

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, nikijua bado sijakamatwa. Bwana mifugo akatoa utepe wake wa kupimia. Nikamsogezea tumbo kabisa, nikasema, "Hapa, mtaalamu." Akanitazama. Kumbe wenzangu, utepe ule hauzungushwi tumboni! Unazungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, pale ambapo huyu alikuwa mifupa mitupu. Na wakati ameinama kusoma namba, ndama akaachia mkojo. Ulitoka kama bomba lililopasuka, ukajaza kiatu cha bwana mifugo, ukaendelea, kwaya inatazama, na tumbo langu lile zuri likawa linashuka mbele ya macho ya waumini wote.

Bibi Skolastika akamsogelea ndama, akampa vidole anyonye, akasema taratibu, "Anakunywa kama mtu aliyekula usipa mkavu," wale dagaa wa chumvi wa kwao ziwani.

"Mmempa nini?" bwana mifugo akauliza.

Nikafungua mdomo nidanganye, lakini mke wangu akaniwahi: "Chumvi. Nusu kopo. Tangu jana tunakula mboga chapwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bwana mifugo akasema kwa hasira kwamba chumvi kiasi kile inaua ndama, na kwamba kama si maji aliyokunywa, bibi angekabidhiwa mzoga. Nilimwona Bibi anaikunjakunja kamba yake mpya mkononi, na hapo ndipo aibu ilinishika kweli, si ile ya ndoo wala ya mkojo. Mwenyekiti wa kamati akatangaza kwamba ng'ombe wangu achukuliwe.

"Msimchukue," akasema Bibi Skolastika. "Mkimpeleka mbali, huyu wangu atakunywa maziwa ya nani? Mwacheni, ila maziwa ayalete yeye mwenyewe kwangu, asubuhi na jioni, mpaka mtoto anenepe."

Miezi mitatu nilishuka na kupanda na ndoo ile, na kila nyumba wananisalimu, "Leo umeonja, Baba Chumvi?" Bibi alikuwa ananisimamisha pale mpaka ndama amalize. Ndipo nilipokoma kujaribia mali ya mwenzangu. Siku hizi nikitaka kujua jambo nauliza, hata kama swali ni la kijinga.

Yule ndama alikuja kuwa ng'ombe mkubwa kuliko mama yake. Akazaa, na siku maziwa yake yalipofaa kunywewa, Bibi aliniita, akaniwekea kikombe cha kwanza mezani, cha moto, hata wajukuu zake hawajaonja. Pembeni ya kikombe ameweka chumvi kidogo kwenye kipande cha karatasi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Hebu tuone."

Nikayanywa yote nimesimama, nimeinamisha uso. Chumvi ile sikuigusa.