Mikono Safi Msimu wa Korosho

Asubuhi ile Mama alikuwa uani akikata mabibo na kuyaanika, na wanangu wawili walikuwa wakimwibia. Aliwafokea kwa kelele nyingi, kisha akageuza uso ili waibe vizuri. Ukali wake haukuwafikia wajukuu. Kwa wengine wote, Mama alitilia shaka hata chumvi aliyoinunua mwenyewe. Alivushwa mto Ruvuma mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita vya zamani, akakua akiambiwa kuwa anayekuhimiza ukimbie huenda anakitaka utakachokiacha.

Sisi tulikaa upande huu wa mto. Vita vipya vilikuwa ng'ambo, nasi tulikuwa tumevizoea kama kikohozi cha jirani.

Mwanamume tusiyemjua akapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Hapo shamba la pili. Naokota korosho." Akageuka kutazama nyuma. "Mama, leo msilale hapa. Kuna watu wenye bunduki mtoni."

Mama hakutazama mtoni. Alitazama mikono ya mgeni. Msimu ule sote tulikuwa na vidole vyeusi, maana utomvu wa korosho hausikii sabuni. Mikono yake ilikuwa safi kama ya karani.

Alimpa maji, hakumpa kigoda. Alipoondoka, Mama aliguna.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu kaja apone yeye, kwa korosho zangu."

Nilimwelewa. Wezi wa korosho kwetu hawahangaiki kuvunja milango. Hueneza habari za hatari, na wenyewe mkishakimbia, wao huja na baiskeli. Ndani tulikuwa na magunia ya msimu mzima. Nami niliona ni mwizi, ila niliwahofia watoto.

"Wapeleke kwa mdogo wako, Naliendele," Mama akasema. "Ikiwa kweli, watapona. Ikiwa uongo, mimi nipo na korosho."

"Twende wote, Mama."

"Ili mwizi yule anicheke? Nenda, mwanangu."

Nilikwenda.

Alasiri, tukiwa juu ya lori, tulisikia risasi.

Kisha tukaona moshi upande wa mto.

Mwanangu mdogo aliuliza kama Bibi anapika.

Askari waliporuhusu watu warudi, jirani aliyenusurika alinisubiri njiani. Alinishika mkono, akaniambia kuwa Mama ameuawa mlangoni kwake. Akaniambia na habari za yule mwanamume. Alikuwa mkimbizi wa ng'ambo, aliyewaona wavamizi wakivuka, akapita nyumba kwa nyumba kuonya watu. Alidanganya kuhusu kazi kwa sababu angesema anakotoka, tungemkamata. Ni kweli. Mama angemfunga, na mimi ningeshika kamba.

Sasa naishi Mtawanya. Mgeni akipiga hodi, macho yangu bado huenda mikononi mwake kwanza, na wanangu hunisema. Mama simlaumu. Shaka ndiyo iliyomlinda miaka yote, na ndiyo iliyowaondoa wajukuu wake pale. Namlilia tu, na hasira zangu sijui nizipeleke wapi.

Siku ile ya kurudi, kabla sijakutana na jirani, nilikuwa nikiomba njia nzima nikute tumeibiwa, Mama amesimama uani akiwatukana wezi. Nilipoingia ndani, magunia yalikuwa yamepangwa ukutani vilevile, na kamba alizozifunga hazikuguswa.