Mguu Mbaya

Mama mkwe akianza kufukiza ubani kwenye nguo za mwanangu, mimi natoka nje. Sitaki ugomvi. Moshi ule ndio waliokuwa wakifukizia jezi za timu nyumbani kwetu Kariakoo kila siku ya mechi, kwa kuwa baba alikuwa golikipa.

Jezi hizo nilizifua mimi. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Siku walipocheza na makarani wa Mwingereza nikavaa gauni langu la Idi, nikamwambia baba nami nataka kwenda uwanjani.

"Wewe una mguu mbaya," akasema. "Juzi tumekutana nawe mlangoni, tukafungwa. Kaa ndani."

Akambeba mdogo wangu mabegani, wakaenda. Uwanja haukuwa mbali. Kelele zote nilizisikia dirishani, ila sikujua zipi zetu, zipi zao.

Waliporudi nilimkimbilia mdogo wangu. "Nani kafunga?"

"Sijui, nililala," akajibu, huku anatafuna muwa alionunuliwa.

Kwa wivu nilitamani kumng'ata.

Baba alikuwa anacheka. "Mwanangu, leo umetusaidia kweli. Umekaa ndani, tumeshinda. Basi kila tukicheza hapa nyumbani utakaa hapo hapo, na muwa nitakuletea."

Mechi iliyofuata nilikaa kitandani, nikamwomba Mungu kwa moyo wangu wote timu ya baba ifungwe. Wakashinda tena. Nikaletewa muwa mrefu kuliko wa mdogo wangu.