Kikohozi cha Heshima

Mzee Ezekiel Mwakalinga alikuwa na kikohozi alichokitunza kwa ajili ya mtu mmoja tu: Atupele, mke wa mwanawe Lazaro.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na heshima kali kati ya baba mkwe na mkaza mwana. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na mmoja akimwona mwenzake njiani humpisha kabla hawajakaribiana. Vijana wengi wa Kyela wameshaiacha. Katika kijiji chao cha kata ya Mwaya, karibu na ziwa, mzee Ezekiel hakuiacha. Alipokuwa anatokeza kwenye kona ya migomba alijikohoza mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi, na Atupele akajitupia kitenge kichwani, akaingia migombani na kugeuka upande wa pili mpaka hatua zipite. Kwa miaka yote aliyoolewa aliujua mgongo wa mzee, kofia yake ya pama na nyayo zake kwenye tope. Uso wake aliujua kwa picha ya ukutani tu, ya siku alipokuwa kijana.

Mtu asidhani palikuwa na chuki. Chuo cha utabibu kilipotangaza nafasi za watu wanaotoka vijiji vya pembezoni, Atupele alikuwa na mtoto mdogo, Tusajigwe, na hakuthubutu hata kuuliza. Mzee ndiye aliyemwita Lazaro. "Mwambie mkeo aende," alisema. "Mtoto nitamlea mimi na mama yako." Na kweli, miaka yote mitatu ya masomo Tusa alilala kwenye mkeka wa babu yake, akala kwenye sahani ya babu yake.

Kwenye usaili, Mwalimu Jubilate, mtu wa Kilimanjaro mwenye sauti ya chini, alimtazama juu ya miwani. "Wote tunaowapeleka huko wanakimbia," alisema. "Wakiona mafuriko na mbu, wanaomba uhamisho. Wewe utakaa kwa nini?"

"Kule ni kwetu, Mwalimu. Watu wa kwetu najua wanaficha nini na wanaogopa nini."

Jibu hilo ndilo lililompa nafasi. Baadaye, katika miaka ya huzuni, alilirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Mwalimu Jubilate aliwafundisha kusikiliza. Kifua kikuu, aliwaambia, hakiji kimejitambulisha. Kinakuja kama kikohozi cha kawaida, na tabibu anayengoja mgonjwa aingie mlangoni amechelewa. Sikilizeni sokoni, sikilizeni kanisani. Atupele aliporudi na kupewa zahanati ya kijijini kwao, alilishika neno hilo kama amri. Ibada ikiisha aliwangoja watu mlangoni. "Kaka, hicho kikohozi kina muda gani?" Wavuvi wakaanza kumtania. Akionekana anashuka ufukweni, mmoja humwambia mwenzake, "Meza hicho kikohozi chako, daktari huyo," na wote hucheka, naye hucheka nao, kisha anamvuta pembeni yule aliyemeza.

Aliwakamata wengi. Wakapimwa, wakameza dawa, wakapona. Watu wakaacha kupanda mitumbwi na bodaboda kutafuta tabibu mbali. Na mzee Ezekiel kila mara alipita nyuma ya zahanati na mkungu wa ndizi begani, akajikohoza, akautua kwenye ngazi ya jikoni. "Za watumishi," alimwambia mhudumu, na kuondoka kabla mkaza mwana hajachungulia.

Mwaka mmoja masika yalikuwa mazito, mashamba ya mpunga yakawa ziwa lingine. Atupele aliona kwamba baba mkwe anajikohoza zaidi ya zamani. Alijikohoza akiwa bado mbali, kule kwenye mikokoa, miti ya kakao. Alijikohoza hata nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Atupele aliguswa. "Baba siku hizi ananionea huruma," alimwambia Lazaro. "Ananionya mapema nisikimbie na ndoo kichwani." Akaanza kuingia migombani mapema zaidi, ili naye amlipe heshima kwa heshima.

Mvua zilipopungua, chuo kilimletea mwanafunzi wa mazoezi, Naila, binti wa Mikidadi muuza vitambaa wa Kyela mjini. Alikuwa msichana mcheshi, anayeogopa tope kuliko damu. Siku za kwanza aliuliza kila kitu, na Atupele alifurahi kujibu, maana alijiona mwenyewe alivyokuwa.

Asubuhi moja walikuwa wanapanga dawa kabatini.

"Dada Atu, yule babu anayekohoa nyuma ya jiko mmeshampima?"

"Babu gani?"

"Mwenye kofia. Wa ndizi."

Atupele akacheka. "Yule ni baba mkwe wangu. Wewe mtoto wa mjini, yule hakohoi. Anajikohoza. Ananiambia nisitoke, tusionane."

"Kumbe." Naila akapanga pakiti mbili, tatu. "Na ukiwa hupo anamwambia nani?"

"Unasemaje?"

"Juzi ulipokwenda Kyela kwenye semina alileta ndizi. Nikamwambia, babu, daktari leo hayupo. Akasema najua. Halafu akakohoa, dada, mpaka akakaa kwenye ngazi. Nilimletea maji, akashindwa kuyanywa kwa kukohoa."

Atupele alibaki ameshika pakiti ya dawa. Moja baada ya nyingine zilimrudia zile asubuhi za masika: kule kwenye mikokoa, nyuma ya nyumba, penye uzio wa nguruwe. Mahali pote ambapo hapakuwa na mtu wa kupishwa.

Aliogopa kumwita. Alimtuma Naila na mama mkwe wake, mama Anyitike, wamlete. Mzee alikataa kuingia chumba cha matibabu. "Mle ndimo anamokaa mke wa mwanangu," alisema. "Nitawezaje kumvulia shati?" Mwisho wakamkalisha kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Atupele akasimama ndani, mgongo ukutani, na maswali yakapita kwa Naila.

"Muulize anakohoa tangu lini."

"Babu, tangu lini?"

"Tangu mavuno yale mengine."

"Muulize jasho la usiku."

"Hilo lipo," mama Anyitike alidakia. "Shuka nakamua asubuhi. Nikimwambia aende zahanati, ananiuliza, kwa nani?"

Kisha mzee akasema, na sauti yake ilipitia dirishani kavu na nyembamba, si ile ya kwenye migomba:

"Mwambie daktari asijilaumu. Mwanzoni nilikuwa najikohoza kwa kupenda. Baadaye kikaanza kuja chenyewe. Nikasema, basi vizuri, kazi ni ileile."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuisha. Nyuma ya ukuta, Atupele alikisikiliza kama alivyofundishwa, mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza.

Majibu ya makohozi yalirudi kama alivyojua: kifua kikuu. Dawa zikaanza siku hiyohiyo. Tusa naye akapimwa. Kwake ugonjwa haukuwamo, akapewa dawa za kinga, na Atupele alipomnywesha alishukuru na kuona aibu kwa shukrani hiyo. Kila asubuhi Naila alikwenda kumsimamia mzee ameze dawa, na kila aliporudi Atupele aliuliza, "Amekula?" Naila alijibu, "Kidogo." Baadaye akawa anajibu, "Amejaribu." Walimpeleka hospitali ya wilaya, na daktari wa huko akamweleza Lazaro kwa upole kwamba mapafu yalikuwa yameliwa sana kabla dawa hazijafika.

Mzee aliomba arudishwe nyumbani. Alifia kitandani mwake mchana, watu wakiwa shambani, mkewe akiwa pembeni.

Atupele alikuja mbio kutoka zahanati na, kwa mazoea, akasimama mlangoni amejifunika kitenge. Mama Anyitike alimtazama.

"Ingia, mama Tusa," alisema. "Njoo umwone. Hakuna wa kukukataza tena."

Akaingia. Uso ulikuwa mdogo kuliko alivyoufikiria. Paji la uso lilikuwa la Tusa kabisa. Kwenye mbavu, shati lilipoachia, palikuwa na alama za chale, mpya kiasi. Kumbe alitafuta tiba kwingine, mbali na mlango wa mkaza mwana. Atupele alifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, mikono ya tabibu ikifanya kazi yake, naye analia bila sauti.

"Ndaga, baba," alisema. Asante ya Kinyakyusa, ambayo hakuwahi kumpa kwa mdomo wake.

Naila alipomaliza mazoezi alikuja kuaga, akauliza arudi na neno gani kwa Mwalimu Jubilate. Atupele alifikiri.

"Mwambie nimekaa," alisema. "Na wenzako wanaopelekwa kwao, waambie wakasikilize na nyumbani."

Bado anaipita njia ile kila siku kwenda zahanati. Kwenye kona, miguu yake ilikuwa imechonga kijia kidogo kinachoingia migombani, hatua chache tu, kinaishia pasipo na kitu. Nyasi zimeanza kukifunika. Asubuhi nyingine, ndoo ikiwa kichwani na njia ikiwa tupu, anajikuta ameingia humo, amegeuka upande wa pili, anasikiliza.