Miguu Mbele

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa ndege ndogo zilizotua Kibondo na Kasulu. Zilileta dawa za kambi za wakimbizi na kuondoka na wagonjwa waliopelekwa hospitali ya rufaa Mwanza. Mkuu wetu wa mafundi alikuwa mzee wa Tanga, mkali kama pilipili. Kwake mchoro wa kiwandani haukuguswa. Ukitaka hata kusogeza mkanda wa kiti, alikuuliza swali moja tu: "Nani ameidhinisha?"

Simlaumu. Aliwahi kuokota miili ya wenzake kwenye mabaki ya ndege, kisa mtu alifunga bolti kwa akili zake mwenyewe.

Shida ilikuwa machela. Mlango ulikuwa nyuma, kiti cha nesi nacho nyuma, kwa hiyo mchoro ulitaka mgonjwa aingie miguu mbele ili kichwa kibaki karibu na nesi. Kwenye karatasi, safi kabisa! Lakini watu wa huku humbeba mgonjwa kwa ingobyi, machela yao ya kusuka, mabegani mwa wanaume, na kichwa ndicho hutangulia. Anayetanguliza miguu ni maiti. Kila tulipopakia niliona ndugu wakigeuza nyuso. Nikamwambia mkuu, "Mzee, tuwaulize wanaolala humo, tuwaulize na manesi, halafu tuombe kiti kihamie mbele, kichwa kitangulie."

"Ndege haitengenezwi kwa kura, kijana," akanijibu.

Nilitoka nikibamiza mlango wa stoo, maana mimi hasira zangu ziko puani.

Siku moja Kasulu wakaleta binti wa Nyakitonto. Alikuwa amejifungua na damu ikakataa kukata, na hospitali haikuwa na damu ya kumwongezea. Tulipoanza kumsukuma ndani, mama yake akapiga yowe: "Mama mawe! Mnamzika mwanangu naye anapumua?"

Nesi akambembeleza, rubani akambembeleza, mimi nikapiga magoti kwenye vumbi. Wapi! Binti naye akanyoosha mkono nyuma kumtafuta mama yake, asimpate, akasema kwa sauti ndogo, "Nishusheni." Wakamshusha, wakamrudisha wodini. Ndege ikaondoka tupu. Jioni tukasikia amefariki.

Nililia kwa uchungu, halafu nikakasirika na kila mtu: yule mama, mchoro, na mzee zaidi ya wote. Asubuhi nikaenda uwanjani nimejiandaa kumpasha, kazi na iishe kama ni kuisha. Nikamkuta amesimama kando ya ndege. Kabla sijafungua mdomo akavua viatu, akajilaza kwenye machela.

"Niingizeni," akasema.

Tukamsukuma mimi na rubani, miguu mbele, kama mchoro ulivyotaka. Akatulia akitazama dari.

"Mama yake alisimama wapi?"

Nikasimama pale mlangoni.

"Sikuoni," akasema. "Sogea."

Nikasogea mpaka goti likagusa bati la ndege. Bado hakuniona. Nikasikia anapumua kwa nguvu.

Mchoro wa kuhamisha kiti aliuchora yeye mwenyewe, na kibali kikaja baadaye sana, tukahamisha. Lakini mimi namkumbuka asubuhi ile, alipotoka na soksi zake, akakaa kwenye nyasi bila kutafuta viatu, macho mekundu.

"Hata mama yangu," akasema, "angenishusha."