Mtoto wa Rochelle kwenye Fomu ya Verlin

Verlin Huckaby ameendesha foklifti hapa mjini Fort Wayne miaka kumi na tisa, na hajawahi kutoka ghalani na hata boksi la misumari. Nasema hivyo mapema kwa sababu ninachotaka kusimulia ni wizi, na mkono wangu umo.

Miaka sita aliishi na Rochelle na Junie, binti wa Rochelle kwa mwanamume mwingine, bila ndoa. Rochelle alikuwa nyumbani akimuuguza mama yake, hana kipato, kwa hiyo kila mwaka Verlin aliwaandika wote wawili kwenye fomu ya kodi ya mapato kama watu wanaomtegemea, na serikali ikamrudishia sehemu ya kodi yake. Ilikuwa halali kabisa. Mwaka jana mama huyo alifariki mwezi Machi, Rochelle akaanza kazi kwenye jiko la nyumba ya kutunzia wazee, na Oktoba wakakosana. Akahamia moteli na mtoto.

Januari tulikuwa kazini, saa ya chakula, Verlin anakorogakoroga maharage yake bila kuyala.

"Yule mtoto mwaka jana nimemlisha miezi tisa," akasema. "Viatu mimi, daktari wa meno mimi."

"Basi mwandike," nikamwambia. "Ila wahi. Namba ya mtoto ikishatumika, fomu ya pili inarudishwa."

"Si mpaka awe amekaa kwangu mwaka mzima?"

"Kwani nani atakuja kuhesabu mito ya kitandani kwako?"

Meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kicheko kile bado kinanichoma.

Alituma fomu siku ya kwanza kabisa ya kupokelewa fomu. Hela za serikali zikaingia, akatengeneza giaboksi ya pikapu yake, akaninunulia na chakula cha mchana.

Jumamosi moja mwishoni mwa Februari nilikuwa kwake tukitazama mpira wa kikapu, Rochelle akabisha hodi. Alikuwa na Junie na bahasha ya makaratasi. Alivua koti, akakaa.

"Verl, nisaidie. Haya mambo ya kodi wewe ndiye unayeyajua. Fomu yangu imerudi mara mbili. Wanasema Junie keshaandikwa na mtu mwingine."

Verlin alikodolea televisheni macho.

"Hela za kurudishiwa kodi ndizo za kutulipia nyumba tutoke moteli," Rochelle akaendelea. "Mwenye nyumba kanipa mpaka Ijumaa."

"Unamshuku nani?" nikauliza. Ulimi wangu huu, laiti ningeuuma!

"Nani tena kama si Tate?" Huyo ndiye baba yake Junie, yuko mbali, jimbo la Kentucky. Hajawahi kuishi na mtoto, lakini kila Jumapili humpigia simu. "Nimemtukana mpaka nikachoka. Na Junie naye kamwambia yake. Eti, Junie, ulimwambiaje?"

Junie, mwenye miaka tisa, alikuwa akivuta uzi wa glavu yake. "Nilimwambia yeye mwizi. Asinipigie tena."

"Na kweli hajapiga. Jumapili mbili sasa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilijua, na Verlin alijua kwamba najua. Badala yake nilichukua rimoti nikaongeza sauti ya mpira. Naona aibu hata kuandika. Verlin akaninyang'anya ile rimoti, akazima.

"Ni mimi, Ro."

"Wewe nini?"

"Nilimwandika. Nilisema alikaa hapa miezi yote kumi na miwili."

Rochelle hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Na ukaniacha nikavua koti, nikakuomba msaada," akasema.

"Nitatuma fomu ya kusahihisha leo hii. Pikapu nauza, Ijumaa mwenye nyumba anapata hela yake."

"Utauza, sana tu. Na huyu je?" Akamwonyesha Junie, ambaye alikuwa ameacha kuvuta uzi.

"Rochelle," nikaanza, "mimi ndiye niliyem..."

"We nyamaza. Zamu yako inakuja."

Akatoa simu yake, akabonyeza jina la Tate, akaitia mkononi mwa Verlin. Haikumaliza mlio wa kwanza. Sauti ilitoka kwa nguvu, sote tukaisikia.

"Junie? Mwanangu, ni wewe?"

Mtoto akainua kichwa. Verlin alifumba macho.

"Hapana, bwana. Ni Verlin. Mwizi ni mimi, si wewe. Mimi ndiye niliyemwandika mtoto."

Halafu Tate akauliza, kwa sauti ya chini sasa, iwapo Junie bado amemkasirikia yeye, baba yake.