Chupa Sita Kwenye Kichanja

Nimeshakaa Nkome, nimekaa Ushirombo, nimekaa na machimboni ambako hata jina hapakuwa nalo. Popote nifikapo, siku ya tatu miguu huanza kuniwasha. Ndiyo maana kazi ile ilinifaa: kumbebea mtafiti chupa tukifuata mto, tukichota maji ya kupima. Watu walidhani tunatafuta zebaki ya wachimbaji. Mtafiti, dada mdogo kwangu kwa umri, aliwaeleza kuwa anatafuta kemikali za kwenye dawa za mashambani, plastiki na sabuni, ambazo hata zikiwa chache mno huvuruga homoni, na mtoto aliye tumboni ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Kituo cha mwisho mtafiti alilala kwingine, mimi nikalala kwa mama mmoja kando ya mto. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi sita. Mama alitaka kujua jambo moja tu: aendelee kumchotea mtoni, au wahangaike na bomba lililo mwendo wa saa nzima.

Asubuhi nikakuta chupa zetu sita za kioo zimepinduliwa kwenye kichanja cha vyombo, zinang'aa.

"Mtu mzima unatembea na chupa za vumbi kama mlevi," mama alisema. "Nimekuoshea kwa sabuni ya unga."

Nikamwambia asante, mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao. Sikumwambia kuwa zilitoka maabara zikiwa tayari zimesafishwa, na kwamba sabuni yake ingeonekana kwenye vipimo kana kwamba ni ya mtoni. Basi la Kahama lingepita saa sita, nami nilitaka kuondoka. Nikazijaza. Mtafiti alipofika nikamkabidhi, akaanza kuandika lebo.

Mama akatukuta pale, akiwa na binti yake. "Haya maji yakisema vibaya," alisema, "huyu namhamishia kwa shangazi yake."

Nikaropoka yote hapohapo. Mtafiti aliyamwaga bila kuniangalia.

"Kwa hiyo nimeyachafua kwa usafi?" mama aliuliza taratibu.

Nikamjibu kosa ni langu, nilijua nikanyamaza.

Chupa nyingine zilikuwa Geita. Mtafiti akazifuata, mimi nikabaki. Siku nne nilimchotea binti yule bombani kwa baiskeli ya kuazima, nikipishana na mabasi na vumbi lake, nikiyasindikiza kwa macho hadi yapotee.

Siku ya tano mtafiti alirudi na chupa. Nilizijaza, nikapanda gari. Majibu yangechukua wiki kadhaa. Binti alibaki na madumu mawili ya maji ya bomba, na kabla hatujaikamata barabara kuu nilishapiga hesabu: kesho jioni yangekuwa yameisha.