Sumaku Iliyokataa Kuelea

Leo nimemkosesha ng'ombe mimba kwa ajili ya sumaku.

Msicheke.

Niliwaahidi Kidato cha Sita kwamba sumaku itaelea juu ya kidonge cheusi nilichokioka mwenyewe chuoni. Kikipoa sana, umeme unapita humo bila kizuizi na sumaku inasukumwa juu. Naitrojeni ya kimiminika ya kukipoozea, huku Njombe namjua bwana mifugo tu mwenye nayo. Anahifadhia mbegu za madume.

Akaja na mtungi wake. Mama Upendo yuko getini na ng'ombe anayetaka dume, anatusubiri tumalize ili apandikiziwe mbegu.

Bwana mifugo akamimina. Sumaku imelala.

"Ongeza kidogo," nikasema.

Akaongeza. Imelala tu.

"Kidogo tena, kaka."

Mtungi ukakauka. Mbegu zote zikaharibika.

Ndipo nikageuza karatasi niliyofungia kidonge, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: "Chenye praseodimi."

Jamani! Nilioka viwili, vyote vyeusi. Kizuri nimekiacha Dar. Kwenye hiki nilitoa metali ya yitri nikaweka praseodimi, na ukifanya hivyo usumaku wa shaba iliyomo hautulii, umeme unakwama. Hakiinui hata sindano.

Nikamweleza Mama Upendo. Akaizungusha kamba ya ng'ombe mkononi, polepole.

"Kwa hiyo mwalimu, ulikuwa unajua hakiwezi?"

Miaka miwili. Shahada yangu nzima ya uzamili ni kuthibitisha kwamba hakiwezi.

Mwenye dume la ng'ombe, hata Makambako, anijibu hapa sasa hivi. Kesho ng'ombe atakuwa hataki tena.

Na mimi darasani sitaki kurudi.